Sigara Isiyo na Kipisi

"Unachati na nani saa hizi?"

Mke wangu alikuwa amegeukia ukutani, nilidhani kalala. Ndani ya chandarua palikuwa na mwanga wa buluu, mwanga ambao kwenye ndoa nyingi za siku hizi umeshazua kesi. Nikamwambia sichati na mtu. Akajiinua kwa kiwiko, akautazama mkono wangu, akakiona: vepu, yaani sigara ya kielektroniki, kidude cha ukubwa wa kiberiti, kioo chake kinaonyesha tone la maji, alama ya betri, na namba inayopanda kila ninapovuta.

"Unavuta kitandani?"

Nilikuwa navuta kitandani. Miaka yote ya sigara sikuwahi kuvuta hata sebuleni.

Hakugomba. Alinusa hewa kidogo, akasema, "Inanukia tikiti," akavuta shuka lake. Dakika mbili baadaye anakoroma. Mimi ndiye niliyebaki macho.

Kilichonikaa kichwani wiki zilizofuata ni hicho kitanda. Sigara tumekaa nayo nyumba moja miaka na miaka na haikuwahi kuvuka mlango wa chumbani. Hiki kimefika mpaka kwenye mto bila hata kubisha hodi.

## Mzigo wa Guangzhou

Kilikuja kwenye begi la shemeji. Ana duka la vifaa vya simu Kariakoo, na kila akirudi China hunitupia kitu: kava, spika ndogo, saa ya plastiki. Safari hii akasema, "Shem, achana na hizo sigara za SM, zitakuua. Vuta hii." Sidhani kama alikuwa na uchungu sana na mapafu yangu. Alitaka kujua kama inauzika.

Sehemu kubwa kabisa ya vepu za dunia nzima hutengenezwa Shenzhen, hasa wilaya ya Bao'an, si mbali na huko Guangzhou wanakofungia mizigo wafanyabiashara wetu. Viwanda vyake vinapakana na vya chaja na betri za simu, na ukikishika mkononi unaelewa. Betri ni ileile ya lithiamu. Tundu la chaji ni lilelile la simu yako. Ndiyo maana Kariakoo kinakaa kwenye kabati la kioo pamoja na hedifoni na memori kadi, na anayekuuzia ni kijana wa simu ambaye pengine hajawahi kushika sigara maishani.

Kitu cha kwanza kinachokuchanganya ni kwamba hakina pa kubonyeza. Unaweka mdomoni, unavuta. Ndani kuna kitu kinachohisi hewa inapita, kinafungulia umeme kwenye koili, na koili imekumbatiwa na pamba iliyolowa maji. Maji yanakuwa mvuke. Ukisogeza sikio unasikia mchachariko mdogo, kama kitunguu kinapogusa mafuta ya moto.

Halafu tikiti. Halafu baridi, inayoshuka kooni hadi kifuani na haina harufu ya mnanaa hata kidogo, kwa sababu si mnanaa. Ni kemikali ya kupoza iliyotengenezwa isinukie kitu.

Kilichonishangaza zaidi ni kile ambacho hakikutokea. Sikukohoa. Ubavuni pameandikwa nikotini asilimia 5, yaani miligramu 50 kwa kila mililita, na mimi nilijiandaa kukwaruzwa koo kama siku ya kwanza kuvuta sigara nikiwa kidato cha tatu nyuma ya bweni. Wapi. Imepita kama maji. Baadaye nikasoma sababu: wameichanganya nikotini na asidi, mara nyingi asidi ya benzoiki, ikawa chumvi. Nikotini ya kawaida kwa ukali huo ingekutoa machozi. Ya chumvi koo halina habari nayo. Kampuni ya JUUL ya Marekani ndiyo iliyoipa umaarufu mbinu hiyo ilipoingia sokoni mwaka 2015, na leo karibu kila kidude cha aina hii kinafuata njia hiyo.

Kwa mtu anayetaka kuhama kutoka kwenye sigara, huo ni unafuu mkubwa.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta, ni mlango usio na kizingiti.

## Majani yenye umande

Mimi ni mtoto wa Urambo. Nikotini niliijua kwa ngozi kabla ya kuijua kwa mdomo.

Tumbaku huchumwa asubuhi, majani yakiwa bado na umande. Unayabana kwapani, moja juu ya jingine, shati linalowa na mkono unanata gundi nyeusi ambayo sabuni haiitoi. Kufika saa nne kichwa kinazunguka, mate yanajaa mdomoni, unaenda pembeni ya tuta unatapika chai yote. Wakubwa walisema ni jua, au ni njaa. Ilikuwa nikotini: inayeyuka kwenye umande na kupenya kwenye ngozi. Mmea wenyewe huitengeneza kama sumu ya wadudu, na zamani wakulima wa nchi nyingi waliichuja wakaipulizia mazao kama dawa.

Bibi alikuwa na ugoro wake kwenye kikopo cha dawa ya macho. Akiubana unajua, maana atatema. Akiunusa unajua, maana atapiga chafya mpaka kuku wakimbie. Mabani ya kukaushia majani yalikuwa na moshi wa kuni usiku kucha, na misitu ya miombo iliyoishia humo kila mtu wa Tabora anaijua.

Nakumbuka haya kwa sababu katika maisha yangu yote nikotini ilikuwa na kelele. Ilitapisha, ilitoa chafya, ilichafua vidole, ilinuka kwenye koti. Huwezi kuwa nayo bila mtu kujua, na wewe mwenyewe kuwa wa kwanza.

## Mzee wa getini

Ofisini kwetu kuna mlinzi, mzee mmoja wa Kigoma, mvutaji wa siku nyingi. Sisi wavutaji tulikuwa na kituo pale kwenye benchi lake. Unanunua sigara moja kwa Mangi, kwa sababu pakiti nzima ni hela na pia ni kishawishi. Unavuka geti. "Shikamoo mzee." "Marahaba, moto unao?" Kama hana unampa, kama huna anakupa. Mnavuta. Mnazungumza Simba na Yanga, bei ya mchele, mtoto wake wa mwisho aliyekwama na ada. Sigara inafika kwenye kichungi, unakanyaga kipisi, unarudi kazini.

Hapo kuna mambo mengi ambayo sikuwahi kuyaona kama mambo. Kutembea. Kuvuka geti. Kuomba moto. Kuonekana na bosi unatoka tena. Mvua. Na zaidi ya yote, kipisi. Sigara ikiisha imeisha. Ukitaka nyingine inabidi uamue upya, uingize mkono mfukoni, urudi kwa Mangi na uso wako uleule.

Kidude hiki hakina lolote kati ya hayo. Kinakaa pembeni ya kompyuta. Unavuta ukisubiri faili lifunguke. Unavuta ukiwa kwenye simu na mteja, umejiweka kimya wakati yeye anaongea. Chooni. Kwenye gari la ofisi, kioo kikiwa kimeshushwa kidogo kwa heshima. Hakuna wakati hata mmoja mtu anaposema, "haya, nimemaliza."

Siku moja nilitoka tu kumsalimia mzee.

"Siku hizi huji, baba. Umeacha?"

Nikamwonyesha. Akakigeuzageuza, akavuta kidogo, akakohoa yeye (koo lake halijui adabu za chumvi), akanirudishia.

"Haina moto," akasema. "Sasa tukae hapa tunasubiri nini?"

Tulicheka, lakini lile swali lilinigusa mahali. Benchi lilikuwa limebaki na watu wawili.

## Namba

Kile kioo kinahesabu. Nadhani mtengenezaji alikiweka kwa ajili ya mbwembwe, maana kikiwaka kinatoa rangi na vinyota. Boksi linajisifu kwa maelfu ya mapafu, mapafu kwa maana ya mivuto, na namba inapanda kuelekea huko.

Mvutaji wa kawaida anapiga pafu kumi hadi kumi na tano kwenye sigara moja. Hesabu hiyo naijua, na ndiyo iliyoniharibia siku: kabla ya chakula cha mchana namba ya siku hiyo ilishavuka mia. Sikumbuki hata kumi kati ya hizo.

Kidude kimebeba mililita 10. Kwa asilimia 5 hiyo ni miligramu 500 za nikotini ndani ya kitu kinachoingia mfuko wa shati. Sigara moja humwachia mvutaji miligramu moja, mbili hivi. Sio kwamba zote 500 zinaingia mwilini, nyingine inapotea na mvuke, lakini ukitaka kuelewa kwa nini nilikuwa naamka usiku na arosto, anza hapo. Sigara haikuwahi kuniamsha. Nilikuwa nalala nayo na kuamka nayo kwa amani.

Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu zaidi ya miligramu 20 kwa mililita, wala tangi la zaidi ya mililita 2. Hicho changu kimevuka mipaka yote miwili kwa mbali. Uingereza imeenda mbele zaidi: tangu Juni 1, 2025 zile za kutumia na kutupa haziuzwi kabisa, sababu mojawapo ikiwa taka. Na hapo sijui Dar tutafika lini. Betri ya lithiamu nzima, inayochajika, inaenda Pugu kwenye dampo pamoja na maganda ya ndizi.

## Upande wa pili wa mezani

Nisije nikaonekana nasimanga kitu ambacho kimenisaidia.

Ngazi za ofisini napanda hadi ghorofa ya tatu bila kusimama. Kile kikohozi cha alfajiri, kile ambacho jirani alikuwa anakitumia kama saa, kimepungua sana. Na hili si suala la imani. Ncha ya sigara unapovuta hufika nyuzi 900 hivi. Pale jani linaungua, na kuungua ndiko kunakozaa lami na monoksidi ya kaboni na sehemu kubwa ya kemikali za kansa zilizomo kwenye moshi. Koili ya vepu ikiwa salama inafanya kazi kwenye nyuzi mia mbili na kitu. Hakuna kinachoungua, labda pamba ikikauka, na hiyo utaijua: ladha ya shuka lililounguzwa na pasi, inakaa kooni siku nzima.

Aliyeitengeneza hii ya kisasa, Hon Lik, ni mfamasia wa China, mvutaji mkubwa, ambaye baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Hiyo ni 2003. Mwaka huohuo Bunge letu lilipitisha sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, ikiwa na pakiti na matangazo na maeneo ya kuvutia. Kidude cha mfamasia kilikuwa bado hakijulikani na mtu.

Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2019 ambao nimeusoma zaidi ya mara moja, kwa sababu kila upande unautumia. Wavutaji 886 waliotaka kuacha. Nusu wakapewa vepu, nusu wakapewa dawa za kawaida za nikotini, bablishi na plasta. Baada ya mwaka, asilimia 18 ya wale wa vepu walikuwa wameacha sigara. Wa dawa ni 9.9. Karibu mara mbili. Mwenye duka la vepu ataishia hapo.

Lakini katika hao walioacha, wanane kati ya kumi wa kundi la vepu walikuwa bado wanavuta vepu. Wa bablishi waliobaki na dawa zao hawakufika hata mmoja kati ya kumi.

Yaani inakutoa kwenye sigara. Kukutoa kwenye nikotini ni habari nyingine, na hakuna aliyeahidi. Hon Lik mwenyewe amewahi kukiri kwenye mahojiano kwamba hakuachana na sigara kabisa.

Bablishi za nikotini nilizitafuta. Maduka ya dawa ya mtaani kwetu hawakuwa nazo, dada mmoja wa duka la dawa alinipa bablishi za mnanaa za shilingi mia, akasema "tafuna, utasahau."

Na wale wanaotumiana video za mapafu yaliyooza Marekani, ile ya 2019 ilikuwa kweli: zaidi ya watu 2,800 walilazwa au kufa, na hadi Februari 2020 waliokufa walikuwa 68. Ila chanzo kikuu kilikuwa maji ya bangi ya mitaani yaliyochanganywa asetati ya vitamini E. Kilichotoka humo kwangu si hofu ya vepu zote. Ni kwamba mvutaji hana namna ya kujua kilichomo kwenye maji zaidi ya kusoma karatasi iliyobandikwa, na karatasi ya kwangu nusu yake ni Kichina.

## "Mjomba, pipi hii?"

Mpwa wangu ana miaka sita. Alikuja Jumapili na mama yake. Sigara zangu alikuwa anazichukia kwa dhati; nikitoka nje kuvuta na kurudi, anajiziba pua na kusema mjomba ananuka.

Nilikuwa jikoni natafuta glasi. Nikasikia, "Mjomba, pipi hii?"

Alikuwa amekishika kwa mikono miwili, amekileta puani, macho yamefumba. Alikuwa anakinusa. Kioo kikawaka vinyota, akatabasamu.

Nilikichukua polepole, ili asidhani ni kitu cha thamani. Dada yangu aliuliza ni nini, nikasema ni chaja. Yeye ni muuguzi na hakuniamini, lakini alikaa kimya hadi mtoto alipotoka, ndipo akaniambia kwa sauti ya kazini: maji ya ukali huo, mtoto wa kilo ishirini akimeza kidogo tu, tunazungumza habari ya dharura.

Nikaweka maua ya plastiki juu ya kabati na kidude nyuma yake. Lakini nilichokuwa nafikiria hakikuwa usalama wa kabati. Sigara ilimfukuza yule mtoto kwa miaka yake yote sita bila mimi kufanya lolote. Harufu ilifanya kazi yangu. Sasa harufu ndiyo inamwita.

China wamelijua hilo. Tangu Oktoba 2022 ndani ya nchi yao ladha za matunda haziruhusiwi. Kinachouzwa kihalali ni ladha ya tumbaku. Viwanda vinavyosafirisha nje vinaendelea na tikiti, embe na zabibu kulingana na sheria za huko mzigo unakokwenda. Kwa hiyo tikiti ambalo kijana wa Shenzhen haruhusiwi kuuziwa ndilo linalopakiwa Guangzhou, linashushwa bandarini, linakaa Kariakoo karibu na memori kadi.

Shisha tuliipiga marufuku mwaka 2016 kwa tamko, na ilikuwa na moshi, mkaa, bomba la mita nzima, kila mtu aliiona. Uganda kwenye sheria yao ya 2015 waliziweka shisha na sigara za kielektroniki kwenye kapu moja, wakakataza zote. Sijashawishika kwamba kukataza ndiyo dawa. Ukimnyima mzee wangu wa getini vepu na ukamwachia sigara kila kona, umemlinda na nini? Ila kati ya kukataza kabisa na kuuza asilimia 5 yenye vinyota kwa yeyote mwenye hela, kuna nafasi pana sana, na hapa kwetu sijaona aliyesimama hapo.

## Kwa sasa

Nilijaribu kurudi kwenye sigara, nikidhani nitarudi na taratibu zake. Mwili ulizikataa, ladha ya majivu ilinikera kuanzia pafu la kwanza. Basi nimehamishia taratibu kwenye kidude. Kinakaa kwenye rafu ya viatu, nje ya mlango. Kikitumika, kinatumika nimesimama. Ofisini kinakaa kwa mzee getini, kwenye droo yake, naye anakitoa kwa masharti: lazima nikae kwenye benchi, na lazima nimpe habari. Mara nyingine ananiambia, "Umekuja sasa hivi tu, rudi kazini." Namtii. Ni mkubwa wangu.

Kitandani hakiendi. Mke wangu hajasema lolote kuhusu hilo, isipokuwa anauliza kwa nini siku hizi nasinzia mapema.

Nilichobaki nacho ni ule ukali. Asilimia 5 haishuki kwa kuhamisha rafu. Kwa hiyo shemeji alipopiga simu kwamba wiki ijayo anapanda ndege, nikamwambia aniletee aina ya kujaza mwenyewe, maji ya asilimia 2 na mengine ya 1, ladha ya tumbaku, na kama kuna kisicho na kioo, hicho hicho.

Akanyamaza, nikamsikia anaandika.

"Tumbaku? Shem, hiyo nani anavuta?"

"Mimi."

"Haya, yako nitaileta. Dukani siwezi kuiweka, itakaa mpaka ioze. Ule mzigo wa kwanza uliisha kabla sijapanga bei."

"Wanunuzi ni wavutaji wa sigara?"

Alicheka. "Wavutaji gani, shem? Wale wazee wenu wa SM hawataki hata kuigusa. Ni wanachuo. Wengine wanakuja na yunifomu, nawaambia wakabadilishe kwanza."

"Na unawauzia wakishabadilisha?"

Mtandao Kariakoo huwa unasumbua mchana. Alisema hanisikii vizuri, nimtumie oda yangu kwa meseji.